Mjomba Benchi Akujibu: Mwenyekiti, Tunaomba Funguo

Kwa wasomaji wapya: Mjomba Benchi alikuwa kipa wa akiba misimu kumi na mmoja. Mpira wa mechi aliugusa mara mbili, na moja ya hizo ni ulipotoka nje akamrudishia mrushaji. Kwa hiyo mambo ya kusubiri zamu anayajua. Wiki hii barua karibu zote ni za kamati za vilabu, dalili kwamba mikutano mikuu imekaribia na watu wameanza kupekua katiba zilizolala kabatini.

*Mjomba, shikamoo. Ni mwenyekiti wa klabu yetu ya mpira, huu mwaka wa 17. Sijalipwa hata shilingi. Nauli ya mechi za ugenini, mfukoni kwangu. Ada ya ligi ya wilaya ikipungua, mfukoni kwangu. Kipa alipoteguka bega, hospitali ni mfukoni kwangu. Nataka kung'atuka hata kesho asubuhi, tatizo vijana hawajaiva. Nifanyeje?*
*— Niliyechoka, Mbagala*

Marahaba, Mwenyekiti. Tuanze na hao vijana. Ukurasa wa pili wa barua yako umemtaja katibu, ukamwita "kijana wetu anayejitahidi". Chini kidogo ukasema binti yake anaolewa Desemba. Mwenyekiti, Desemba huyo kijana anakuwa baba mkwe. Akishindwa kuiva hapo, labda tuchunguze anapikwa kwa moto gani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na vijana hawamo sana. Kilichomo ni mfuko. Umeutaja mara tatu kabla ya kufika kwenye swali, na mimi nadhani swali lenyewe ndilo hilo. Mtumishi wa serikali akistaafu anapewa kiinua mgongo, anapigwa picha na keki, anakwenda kujenga banda la kuku. Wewe umejitolea miaka 17 bila mshahara, na kwa kuwa hukulipwa pesa ulijilipa kidogokidogo kwa kiti: kuitwa mwenyekiti mpaka sokoni, kupishwa kwenye foleni ya maji, kukaa jirani na diwani siku ya fainali za ndondo. Kila ukiwaza kuondoka, unajiona kama fundi anayefungasha vifaa vyake na mwenye nyumba hajamlipa. Wenzako wanakuona king'ang'anizi. Mimi naona mtu anayedai.

Basi dai. Kaa na mweka hazina jioni mbili, mwandike kila kinachokumbukwa: nauli, ada, bega la kipa, zile nyavu zilizoibwa ukanunua nyingine. Deni lisomwe mbele ya mkutano mkuu. Papo hapo useme kipi unaomba ulipwe hata kwa mafungu, na kipi umesamehe. Watu watapiga makofi, wengine watalia, na kuna mmoja atashtuka kujua kwamba pesa zile hazikutoka kwa mfadhili. Lakini ukishasamehe, umesamehe. Usije ukanong'ona pembeni ya uwanja, timu ikiwa imefungwa tatu, kwamba "ningejua nisingenunua hizo nyavu."

Neno hilo la kung'atuka ulilolitumia tumelipata kwa Mwalimu Nyerere, naye alilitoa kwenye Kizanaki chake. Alitoka Ikulu Novemba 1985, lakini uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990. Kwa hiyo sikulazimishi utoke kesho asubuhi. Unaweza kutoka kwa hatua, mradi kila hatua iwe na tarehe iliyoandikwa kwenye muhtasari. Na kama unataka mfano wa mpirani, Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda fainali za Afrika kule Lagos mwaka 1980, alichaguliwa rais wa shirikisho letu la soka Desemba 2004. Uchaguzi wa 2013 ulipofika, hakuchukua fomu. Shirikisho halikuanguka. Aliyemfuata alipatikana kwa kura, na yeye akabaki mtu wa kualikwa na kupewa kiti cha mbele bila kukigombea.

Msimu uliobaki utumie kutembea na huyo baba mkwe mtarajiwa. Uwanja mnaochezea si wa klabu, ni wa shule, na mwalimu mkuu anakufahamu wewe. Siku ukiondoka bila kumtambulisha mtu, timu itafika Jumamosi ikute geti lina kufuli. Usimpigie simu kumweleza. Nendeni wawili, kwa miguu, mkanywe naye chai. Halafu nendeni kwa muuza maji anayewakopesha katoni, kwa dereva wa Coaster anayewapunguzia bei, na kwa yule mama anayeshona namba za jezi usiku wa kuamkia mechi. Hiyo ndiyo mali ya klabu, na kwa miaka 17 imekaa kwenye simu yako peke yake.

*Mjomba, tunataka kugusa katiba kidogo tu, mwenyekiti aongezewe muhula mmoja. Msimu huu tunapanda daraja, si wakati wa kubadili nahodha wa jahazi. Kuna ubaya?*
*— Wajumbe Watatu, Morogoro*

Wajumbe wangu, mwakani mtakuwa mnapigana msishuke. Mwaka unaofuata mtakuwa na kesi ya usajili. Lini jahazi litakuwa bandarini?

Issa Hayatou alipochukua urais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwaka 1988, baadhi ya wachezaji wenu walikuwa hawajazaliwa. Alikuwa mwanamichezo kweli, na chini yake fainali za Afrika zilitoka timu 8 zikafika 16. Mwaka 2015 wajumbe wakagusa katiba kidogo tu, kama mnavyotaka nyinyi, wakaondoa ukomo wa umri wa miaka 70 uliokuwa ukimzuia. Miaka miwili baadaye, Addis Ababa, akaangushwa kwa kura 34 kwa 20. Miaka 29 ya kazi, na watu wengi wanachokumbuka kwanza ni ile asubuhi ya mwisho. Mkimpenda mwenyekiti wenu, mwepusheni na asubuhi ya namna hiyo.

*Shikamoo Mjomba. Nina miaka 34, nimechaguliwa mwenyekiti wa klabu yetu ya netiboli na soka, mwanamke wa kwanza. Mwenyekiti aliyepita ni rika la baba yangu na namheshimu sana. Lakini kila kikao anakuja, anakaa mbele, anajibu maswali ninayoulizwa mimi. Mipira iko kwake chini ya kitanda. Kundi la WhatsApp admini ni yeye, na juzi alinitoa, akasema ni kidole kimeteleza. Nimwambie nini?*
*— Nimeshinda Lakini, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Kikaoni usimwambie chochote. Mzee akiaibishwa mbele ya watu hata mara moja, mipira utaikuta chini ya kitanda hadi mwaka wa Kiyama.

Nenda kwake jioni, na sukari kilo mbili, na mmoja wa wazee wa klabu anayemwita kwa jina lake la utotoni. Usianze na mipira. Mwombe akusimulie klabu ilivyoanza, na wakati huu sikiliza kweli, maana humo ndimo utajua kwa nini mfadhili fulani aliondoka na kwa nini ile timu ya jirani hampeani mikono. Chukua daftari uandike. Mtu anayeandikwa anahisi ameshakabidhi nusu. Chai ikiisha, toa karatasi mbili zenye orodha moja: mhuri, cheti cha usajili, katiba, daftari la mihtasari, fomu za wachezaji, mipira, nyavu, pampu, na ule uadmini. Kila kilichopo kitiwe alama, mtie sahihi wote wawili na shahidi, yeye abaki na nakala yake. Asiyepewa nakala huhisi amenyang'anywa, lakini mwenye karatasi yake mkononi anajua amekabidhi.

Wala usidhani hayo ni mambo ya mtaani. Kirsty Coventry, mwogeleaji wa Zimbabwe mwenye medali 7 za Olimpiki, alipochukua urais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki Juni 2025, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kwenye kiti kile, mtangulizi wake alimkabidhi ufunguo mbele ya watu, huko Lausanne. Kamati ile ina mawakili wasiohesabika na bado waliona haja ya ufunguo unaoshikika mkononi. Nanyi siku ya mkutano fanyeni hivyohivyo. Stoo mkiwa hamna, mzee akukabidhi pampu ya mipira.

Kuna wajumbe watakaokushauri umpe cheo cha mlezi ili atulie. Mpe, lakini andikeni mlezi anafanya nini na hafanyi nini. Mlezi asiyeandikiwa kazi atafanya zote. Akijibu swali lako kikaoni, mwache amalize, mshukuru, kisha sema, "Na uamuzi wa kamati ni huu." Ukisema hivyo vikao vitatu mfululizo bila kukunja uso, wauliza maswali wataanza kukutazama wewe. Na wewe usifungue hotuba zako kwa "nimekuta klabu imekufa." Uliikuta ikiwa na watu wa kukupigia kura.

Halafu mvumilie kidogo. Mimi nilipoachia ukatibu wa klabu yetu nilikaa na mhuri miezi minne. Sikuugonga popote. Nilikuwa nafungua droo usiku, nautazama, nafunga. Mke wangu alidhani kuna picha ya mtu humo.

*Salaam, Mjomba. Ni mweka hazina wa timu yetu hapa Likoni. Michango yote huingia kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nimepata kazi Doha, naondoka mwezi ujao. Je, nimwachie katibu laini na namba ya siri kwenye bahasha?*
*— Mkoba wa Timu*

Hapana. Namba ya siri ukiigawa inabaki namba tu. Pesa zikipotea Machi, wewe uko Doha na jina lililosajiliwa ni lako. Utaitwa mwizi kwenye mtaa ambao mama yako bado anaishi. Kamati ikae, muhtasari uandikwe, mfungue akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, salio lote lihamishwe huku watu wakishuhudia. Soma hesabu kwa sauti, mpaka shilingi ya mwisho, hata kama wanapiga miayo. Ile laini ondoka nayo, ni yako. Safari njema, na huko Ghuba kuna vijana wa pwani wanaocheza wikiendi. Watakapokuomba uwe mweka hazina, jifanye hujui kuhesabu.

*Mjomba, mume wangu ameachia uenyekiti wa klabu baada ya miaka 12, kwa heshima zote, hata mbuzi alichinjwa. Sasa saa kumi na moja jioni yuko nyumbani. Juzi aliuliza kama tuna akidi ya kuanza kula. Jana nilitoka sokoni akataka taarifa ya mapato na matumizi. Watoto wameanza kunyoosha mkono kabla ya kuongea. Nisaidie.*
*— Mjumbe Asiyechaguliwa, Kigoma*

Pole, mama. Mbuzi wanachinjwa kwa ajili ya siku moja, na hakuna kamati inayofikiria Jumatatu yake. Huyo bwana kwa miaka 12 saa kumi na moja alikuwa na mahali pa kwenda ambapo watu walimwona akifika. Hataki kutawala jikoni. Anatafuta pa kufika.

Usimrudishe kwenye kamati, hata wakija kumwomba, na watakuja timu ikifungwa mbili. Mtafutie watoto. Kila mtaa una kundi la chini ya miaka 13 linalokimbiza mpira bila mtu mzima, na watoto hao hawajui nani alikuwa mwenyekiti wa nini. Mnunulie kipenga na koni sita. Wiki ya kwanza atataka kuwaandikia katiba, mwache. Wiki ya pili kuna mtoto atamwuliza kwa nini viatu vyake vinabana, na hapo atakuwa amesahau katiba.

Akidi ya chakula cha jioni, kwa sasa, mwambie ni wewe na sufuria.

Nafasi imekwisha, ila nina neno moja la nyongeza kwa Niliyechoka wa Mbagala. Bahasha yako imegongwa mhuri wa klabu mbele na nyuma. Mhuri hukaa kwa katibu. Mpelekee leo kabla ya magharibi, na umsalimie bibi harusi.