Tunaomba AFCON Ichezwe hadi Mwaka 2040

Kwa Wizara ya Masuala ya Vijana, Uchumi wa Ubunifu na Michezo,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Machakos, mji uliokuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla reli haijatupita kando na Nairobi kutwaa nafasi hiyo mwaka 1899. Tangu hapo tumezoea kushangilia mambo makubwa tukiwa kilomita sitini hivi nje ya uwanja, na hatuna kinyongo. Tunaandika kuwapongeza kwa uwanja wa Talanta, na kuwaletea ombi moja linalotokana na hesabu zenu wenyewe. Ili kujenga uwanja huo wa viti 60,000, mwaka 2025 iliuzwa hatifungani ya shilingi bilioni 44.79, kwa riba ya asilimia 15.04, ya kulipwa kwa miaka 15. Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027 lenyewe ni la mwezi mmoja hivi, na mechi zake tunagawana na Uganda na Tanzania. Ngoma ya usiku mmoja, lakini wapigaji wanadai ujira hadi watoto wa waalikwa waote ndevu. Ukipiga hesabu kwa kalamu na karatasi juu ya mkopo mzima, riba ya mwaka wa kwanza pekee inakaribia bilioni 6.7, yaani zaidi ya milioni 18 kila kunapokucha, kuwe na mechi kusiwe na mechi. Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu muwaandikie CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, warefushe mashindano hadi 2040. Hatua ya makundi iende taratibu hadi 2032, mapumziko yawe marefu, na fainali ipigwe siku ile awamu ya mwisho ya deni inapolipwa. Angalau mpira na deni vitakwisha pamoja.

Chanzo cha malipo nacho kimetufurahisha. Deni limeegemezwa kwenye Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ile inayojazwa na kodi za kamari na bahati nasibu. Basi kijana wa Mlolongo ambaye mkeka wake umechanika Jumamosi kwa sababu ya timu moja tu asijione amepoteza, amechangia kiti. Tatizo ni kwamba ili kiti hicho kilipiwe, kijana huyo lazima aendelee kubeti kwa bidii kwa miaka 15. Mwaka huohuo wa 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, ikisikitikia vijana wanavyoangamia, na miezi michache baadaye hatifungani ikapigiwa kengele kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Tuambieni tuwaombee vijana wetu waache kamari au wazidishe, maana tukifanikiwa katika la kwanza tutakuwa tumehujumu uwanja wa taifa. Na hazina hiyohiyo, msisahau, ilikuwa pia na jukumu la kusaidia afya kwa wote na michezo ya mashinani. Mashinani ndiko huku kwetu.

Mtatujibu kwamba nchi haikuwa na uwanja wa hadhi. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, nao ulikuwa wa hadhi. Kilichofuata ni kuuacha uchakae, kisha kuufunga ukarabatiwe wakati uwanja wa Nyayo nao uko hoi, hata mwaka 2024 timu yetu ya taifa, Harambee Stars, wakawakaribisha Ivory Coast mjini Lilongwe na Cameroon mjini Kampala, wageni katika mechi zao za nyumbani. Serikali iliyoshindwa kutunza viwanja viwili imepata dawa: kujijengea wa tatu. Lakini ushahidi mzito zaidi ni wa Agosti 2025, tulipoandaa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na majirani zetu. Fainali, Morocco ikiifunga Madagascar 3-2, ilichezwa Kasarani huohuo. Kabla ya hapo CAF ilikuwa imetuwekea kikomo cha tiketi 27,000 katika mechi ya Kenya, pungufu sana ya nafasi zilizopo, kwa kuwa watu wasio na tiketi walivunja utaratibu langoni. Viti tulikuwa navyo vya kubaki vitupu. Tulichokosa ni malango na watu wa kuyasimamia, na hicho hakihitaji hatifungani.

Wapo watakaosema CAF ndiyo inayodai viwanja vikubwa, nasi hatuna budi. Lakini maana ya kuandaa kwa pamoja ilikuwa kugawana mzigo. Badala yake Hoima kule Uganda walianza kujenga, Arusha kule Tanzania wakaanza kujenga, nasi Nairobi tukaanza kujenga. Wengine watataja watalii. Cape Town ina watalii ambao Nairobi inawaota tu, na hata hivyo uwanja wake wa Kombe la Dunia la 2010 umeegemea ruzuku ya jiji kwa miaka mingi. Montreal iliandaa Olimpiki ya 1976, ikamaliza kulipia uwanja mwaka 2006. Hoja ya fahari ya taifa ndiyo tunayoiheshimu, kwa sababu furaha ya Agosti ile haikuwa ya kuigiza. Ila ilipatikana katika uwanja wa zamani. Na tarehe 17 Desemba 2017 Harambee Stars walitwaa Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, hapahapa Machakos, katika Uwanja wa Kenyatta, uwanja wa kaunti, wakiifunga Zanzibar kwa penalti 3-2 baada ya sare ya 2-2. Kombe halikuuliza jukwaa lina viti vingapi. (AFCON ya 1996 na CHAN ya 2018, tulizopokonywa kwa kutokuwa tayari, hatuzitaji, huenda mkatuambia ndizo tulizoandaa kwa busara zaidi.)

Iwapo CAF watakataa ombi letu la 2040, tunaomba jambo dogo badala yake. Kila Juni, bajeti inaposomwa, Waziri atutajie mambo mawili: shilingi zilizolipwa mwaka huo kwa ajili ya Talanta, na idadi ya siku ambazo mpira ulichezwa humo. Kugawanya tutagawanya wenyewe.

Wenu katika michezo,
Mlipa kodi, Machakos.