Sifa za Spea Isiyo na Ukoo

Spea isiyo jenuini ni kipuri chochote cha gari kilichomfikia mnunuzi bila kupitia mkononi mwa kampuni iliyounda gari hilo. Chini ya maelezo hayo zimo jamii nne ambazo tabia zao ni mbalimbali, ijapokuwa dukani hulala rafu moja. Ya kwanza hutoka viwanda vinavyowauzia waunda magari na wakati huohuo huuza kwa majina yao wenyewe: plagi za NGK, shoku za KYB, vifaa vya umeme vya Denso, kampuni iliyokuwa idara ndani ya Toyota mpaka ilipojitenga mwaka 1949. Hapo kifaa mara nyingi ni kilekile, na tofauti ya bei ndiyo bei ya boksi. Ya pili hutoka viwanda huru, vizuri na vibovu. Ya tatu ni mtumba, yaani ex-Japan: injini, giaboksi na taa zilizong'olewa kwenye magari yaliyovunjwa huko. Ya nne ni feki, ile inayovaa jina la mwenzake, na hii ndiyo yenye bidii kuliko zote. Boljointi za Sankei, zinazojulikana kila gereji ya pwani kwa chapa yake ya 555, zimepata kuigwa mpaka mnunuzi hustaajabu akipewa za kweli.

Zote nne zimetukanwa vya kutosha na maajenti wa magari, mapolisi wa trafiki na abiria waliokwama njiani. Wema wake haujapata mtu wa kuuandika.

Makao yake katika Mombasa ni mengi, lakini Mbaraki yafaa kwa uchunguzi, kwa kuwa hapo safari nzima ya gari huonekana mahali pamoja. Mtaa huo uko kusini-magharibi mwa kisiwa, baina ya bandari ya Kilindini na kivuko cha Likoni, na una gati lake, maghala, ofisi za mawakala wa forodha na yadi za magari. Gari la Japani hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, na kwa kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya lisizidi umri wa miaka 8, na usukani wake uwe kulia. Likishashuka hupata namba mpya na tajiri mpya. Kisichoshuka melini ni waranti: ama imekwisha muda, ama imebaki na muuzaji wa Nagoya ambaye hajawahi kusikia jina la Mbaraki. Gari nyingi za mji huu, basi, huanza maisha ya pili zikiwa yatima. (Mnara wa Mbaraki wenyewe, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na ambao watu bado huupelekea ubani na marashi kwa ajili ya pepo wake, umesimama karne kadhaa bila waranti yoyote. Lakini haujapanda feri.)

Feri yatajwa kwa sababu yake. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia chomboni huwa mkali, na bampa hukwaruza chuma. Yakijaa, matairi hukanyaga maji ya chumvi. Pamoja na joto na unyevu wa kaskazi, mambo hayo humaliza bushi, shoku na mabomba ya breki mapema kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyokadiria, na kutu haingoji sevisi. Hapo ndipo spea isiyo jenuini huanza kuonyesha fadhila zake.

Fadhila ya kwanza ni kupatikana. Spea ya ajenti huagizwa, na kuagizwa maana yake ni kungoja. Spea isiyo na ukoo iko dukani leo asubuhi, na kama haipo, kijana mmoja atakimbia Mwembe Tayari na kurudi nayo kabla ya adhuhuri. Kwa dereva wa tuktuk, ambaye chombo chake kikilala siku moja hesabu ya tajiri hulala nacho, tofauti hiyo ndiyo ugali wa watoto. Wahenga walisema kibaya chajitembeza, chema chajiuza. Hawakuwa na habari ya broka anayemfuata mteja mpaka dirishani kwa gari, radieta iko begani.

Fadhila ya pili ni elimu. Mtu asiyewahi kumaliza gazeti husoma boksi la brekipadi kwa makini ya kadhi: herufi iliyopungua, stika isiyong'aa, namba isiyolingana na ile iliyochapwa kwenye chuma. Filta ya oili humfundisha mengi zaidi, ingawa kwa ada kubwa. Ndani ya filta ya kweli mna vali ndogo inayofunguka karatasi ikiziba, ili injini ipate oili hata kama ni chafu. Katika feki vali hiyo yaweza kuwa imekwama au haipo, na karatasi yenyewe nyepesi. Karatasi ikiziba hivyo, injini hunyimwa oili. Ikichanika, uchafu huzunguka moja kwa moja mpaka kwenye beringi za kombeo. Nje, makopo mawili hayo hayana tofauti. Mwenye gari hujua siku injini inapoanza kugonga, na hilo ni somo lisilosahaulika.

Ya tatu ni udugu. Spea inayodumu miaka 5 huwafanya mwenye gari na fundi wake kuwa wageni. Inayodumu miezi miwili huwajulisha mpaka majina ya watoto.

Lakini hizo zote ni fadhila ndogo mbele ya ile kubwa, ambayo ni kubeba lawama. Hakuna kitu kingine katika biashara ya magari chenye mgongo mpana hivyo, na waranti ya mtengenezaji isingeweza kuendeshwa kwa faida bila yake. Waranti ya gari jipya kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Kwa maandishi yake ni ahadi kwamba kasoro ya malighafi au ya uundaji itarekebishwa bure. Vitu vya kuchakaa, kama brekipadi, klachi na mipira ya waipa, havimo. Mwenye gari akichelewa na sevisi, au akaipeleka nje, masharti humkumbusha.

Tatizo likitokea, mambo huenda kwa utaratibu ambao umekuwa kama ibada. Gari huingia karakana ya ajenti, boneti hufunguliwa, na fundi mwenye ovaroli safi hutazama kwanza si pale panapolia, bali pale penye chapa ngeni. Akiiona, uso hukunjuka. Filta si yetu, husema, na neno hilo hutosha. Kama injini imekufa kwa kukosa oili, yaweza kuwa ana haki kabisa, kwa sababu ya vali iliyokwisha kuelezwa. Uhodari wa spea isiyo na ukoo huonekana pale inaposhtakiwa kwa jambo lisilokuwa karibu yake: filta ya oili kulaumiwa kwa kioo cha mlango kisichopanda, au balbu ya taa kwa giaboksi inayoruka gia. Hubeba lawama hiyo bila kufungua kinywa.

Wengine nao hupanga foleni. Fundi wa mtaani aliyekaza nati kwa nyundo husema spea ilikuwa mbovu. Mwenye duka husema spea ilikuwa nzima, fundi ndiye hakujua kuifunga. Kisha huonyesha bango lililo juu ya kaunta, kwamba spea za umeme hazina waranti na mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye gari, ambaye hajamwaga oili tangu Ramadhani iliyopita, hukubaliana na wote wawili. Watu watatu wenye makosa huachana kwa amani, na kile chuma hutupwa kwenye pipa.

Kuna nchi zilizoona kwamba wema huu unatumiwa kupita kiasi. Marekani, kwa sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, ilikataza kampuni kuifunga waranti kwa sharti la kutumia spea ya chapa fulani, isipokuwa spea hiyo itolewe bure au kampuni ipate ruhusa maalumu. Mnamo Aprili 2018 tume ya biashara ya nchi hiyo ilizionya kwa barua kampuni sita zilizokuwa zikiwatisha wateja kinyume cha hayo. Afrika Kusini ilitoa mwongozo wake wa ushindani katika soko la spea na karakana, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, na kumpa mwenye gari nafasi ya kutengenezea gereji huru waranti ikingali hai. Wazo ni moja kotekote: anayekataa kulipa aonyeshe kwamba spea ile ndiyo iliyoleta hasara ile. Huko, spea isiyo na ukoo imeporwa nusu ya kazi yake.

Kenya, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 46 humpa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kufidiwa akipata hasara. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 humhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha, na hubatilisha sharti la mkataba linalojaribu kuufuta udhamini huo. Bango la juu ya kaunta, basi, ni pambo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ina jambo la ajabu zaidi. Mteja akimweleza muuzaji kwamba gari lagonga mbele na anataka kitakachoponya, na akategemea ujuzi wake, muuzaji hubeba dhamana kwamba kitu kitaifaa kazi hiyo. Akiingia kwa majivuno na kudai chapa kwa jina lake, dhamana hiyo ya kufaa kazi maalumu humponyoka, akabaki na ile ya ubora wa kawaida tu. Sheria hapa humpenda mteja anayejua kidogo na kusema mengi.

Feki peke yake imetungiwa sheria nzima, ile ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008. Anayetiwa hatiani mara ya kwanza aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja, au vyote viwili. Hakuna jenuini iliyowahi kuthaminiwa mara tatu.

Mzozo usiomalizika karakanani huweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, na haibanwi na kanuni kali za ushahidi. Hata hivyo lazima hakimu aone kitu. Mwenye gari anaombwa adai risiti iliyoandikwa namba ya spea, atunze kitabu cha sevisi, na asitoke gereji bila ile spea iliyong'olewa, hata kama itamchafulia buti.