Kesi Aliyoishinda Babu

Wito wa Baraza la Kata uliletwa na mwanafunzi wa darasa la tano, aliyeutoa katikati ya daftari la hisabati kisha akasimama mlangoni mpaka akapewa ndizi mbivu. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa amelalamika kwamba tumesogeza mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, na kumeza migomba yake mitatu. Mpaka wenyewe, kama ilivyo desturi ya huku Kilimanjaro, ni mstari wa masale. Masale ni mmea usio na makuu: popote unapouchomeka unashika, bila kuuliza ardhi ni ya nani.

Ukoo ukakutana jioni ile ile. Baba Mkubwa hakuwa na wasiwasi hata chembe.

"Kesi hii Babu yenu alishaishinda," alisema huku akijimiminia mbege. "Pale Mahakama ya Mwanzo. Alisimama akaongea tangu asubuhi, hakimu akasahau chai ya saa nne. Wazee wa baraza walilia. Hata karani alilia."

Hotuba hiyo tumekua nayo. Imesimuliwa kwenye misiba, kwenye kipaimara na kwenye vikao vya kupanga mahari. Binamu zangu wameihifadhi neno kwa neno, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa siku ilipotolewa. Karatasi ya mahakama tu ndiyo ambayo hakuna aliyekuwa nayo.

Na karatasi ndiyo iliyotakiwa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinakataza mahakama kusikiliza upya jambo ambalo limekwisha kuamuliwa kati ya watu wale wale, au wanaodai kupitia kwao. Kwa maneno mengine, tungeiweka hukumu ya Babu mezani na mgogoro ungekwisha kabla ya kuanza. Ukoo ukatazamana, kisha ukanitazama mimi. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi yenye kabati la mafaili, kwa hiyo kwetu mimi ndiye mwanasheria.

Mpwa wangu alitaka kuniokoa na safari. Alifungua TanzLII kwenye simu, mahali ambapo hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure, akaandika jina la Babu. Ikamjia kesi ya mtu mwingine kabisa aliyegombania ng'ombe. Akaisoma hadi mwisho, akaniambia yule bwana ameonewa. Ya Babu haikuwemo, maana mahakama za mwanzo za zama zile ziliandika kwa kalamu, na walioandika hawakuwazia kwamba siku moja mjukuu atawatafuta kwa kidole gumba.

Nikashuka mahakamani. Masjala ilikuwa chumba chenye dirisha dogo, na nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Namba ya shauri?"

"Namba sina, mama."

"Mwaka?"

"Mwaka wa Vita vya Kagera."

"Vita vilianza 1978 vikaingia 1979. Upi kati ya hiyo?"

Nikampigia simu Baba Mkubwa. Akasema ni mwaka ule vijana walipokwenda kumpiga Amin, kisha akakata simu kana kwamba amenipa tarehe na saa. Shangazi alisema anakumbuka vizuri, ulikuwa mwaka wa unga wa yanga. Unga wa yanga nao ulikuja zaidi ya mara moja.

"Basi nitajie mdai ni nani na mdaiwa ni nani," karani alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuona koo nyingi zikipita dirishani pake.

Hapo ndipo nilipogundua ubovu wa historia yetu. Kwa masimulizi ya nyumbani, Babu alikuwa mshindi. Rejesta ya mashauri ya madai ina safu ya mdai na safu ya mdaiwa. Safu ya mshindi haina.

Hata jina lilitutesa. Babu tuliyemjua alikuwa na jina la nyumbani, jina la utani la sokoni na jina la mtoto wake wa kwanza. Mahakamani alijiandikisha kwa jina la ubatizo, na hilo tulilipata chini ya sanduku la Bibi, kwenye kadi ya kahawa ya KNCU, ule ushirika ulioanzishwa 1933 ambao wazee wetu waliuheshimu karibu sawa na kanisa. Kahawa ililipwa kwa jina kamili, kwa hiyo jina likatunzwa. Mpaka wa shamba haukuwa unalipa kitu.

Nilirudi na jina. Karani akapitisha kidole kwenye rejesta ya 1979 ukurasa kwa ukurasa. Hamna. Akafikiri kidogo, akasema huenda jalada lilipelekwa Mahakama ya Wilaya, kwa sababu asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa huko ndani ya siku 30, na jalada humfuata. Nikaenda Wilayani. Kijana mmoja nadhifu akanielekeza kwenye kompyuta na kunieleza kwamba siku hizi mashauri husajiliwa kwa mfumo, mtu hasumbuki na makaratasi, na kila kitu kinaonekana papo hapo.

"Weka namba ya shauri," akasema.

"Namba ndiyo ninayoitafuta, kaka."

Alinitazama kwa huruma, akasema kama lilikuja basi lilirudishwa. Ndiyo adabu ya masjala zote nilizopitia: hakuna aliyeniambia jalada limepotea. Liko kwa wenzetu. Na wenzetu, ukiwafikia, nao wana wenzao.

Nilipanda tena kwa mama wa miwani nikiwa nimekata tamaa. Nikamkuta ananingojea, na rejesta nyingine ameifungua mezani.

"Nimelala nikiwaza habari yako," alisema. "Ninyi watu wa nje mnahesabu kesi kwa siku iliyoisha. Sisi tunaihesabu kwa siku iliyofunguliwa. Kesi ikifunguliwa Desemba, hata ikiisha baada ya miaka mitatu, namba yake ni ya mwaka ule wa Desemba."

Akageuza rejesta ya 1978 kunielekea. Mstari wa pili kutoka mwisho, kwa wino wa bluu uliogeuka kahawia, alikuwepo Babu kwa jina lake la kahawa. Alikuwa mdaiwa. Nadhani mnaomiliki kabati la vyeti nyumbani mngefanya vyema kuiandika kanuni ya mama huyu ndani ya mlango wake. Vitabu vyote vya sheria nilivyochungulia havikunifaa kama sentensi zake chache.

Jalada lenyewe lilikuwa ndani ya furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, chini ya mafurushi ya miaka iliyofuata, na juu ya yote kulikuwa na feni mbovu ambayo nayo ilisubiri uamuzi. Lakini kuliona jalada si kupewa nakala. Inatakiwa barua kwa Hakimu Mfawidhi. Barua huandikwa stesheneri ya ng'ambo ya barabara, na kijana wake anajua "Yahusu" inakaa wapi kuliko mawakili wengi. Kisha kuna ada, nayo hailipwi mkononi: unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu. Mtandao ulikuwa chini. Uliporudi, umeme ukakatika, na mashine ya kutolea kopi ikanyamaza na ukurasa wa kwanza wa Babu tumboni. Kijana wa stesheneri akatoa kiti nikae, akaniuzia soda.

Nakala ilipotoka nikaisoma pale pale. Jambo moja jema la Mahakama za Mwanzo ni kwamba lugha yao ni Kiswahili tangu zamani. Mahakama za juu ziliandika kwa Kiingereza hadi sheria ilipobadilishwa 2021, na mwananchi alilazimika kumlipa mtu amwambie kama ameshinda. Hapa kila kitu kilieleweka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kulikuwa na madai ya jirani: mpaka umesogezwa. Yakafuata majibu ya Babu: haujasogezwa. Na mwenendo wa shauri, tarehe baada ya tarehe. Mdai yupo, mdaiwa hayupo, taarifa kwamba anaumwa. Mdaiwa yupo, mdai hayupo, amefiwa. Wote wapo, mshauri mmoja hayupo, kwa sababu hakimu wa siku zile alipaswa kuketi na washauri wasiopungua wawili. Wote wapo, hakimu yuko safari. Nikafungua ukurasa wa mwisho nikiitafuta ile hotuba ya tangu asubuhi, machozi ya wazee, chai ya saa nne. Iliandikwa hivi: pande zote mbili zimeitwa mara tatu, hazikufika, shauri limefutwa.

Babu hakushinda. Hakushindwa pia. Hakwenda.

Na kisheria hilo si jambo dogo. Shauri lililofutwa kwa sababu watu hawakuja halijaamua kihamba ni cha nani. Karatasi niliyoihangaikia ilithibitisha kitu kimoja tu, kwamba huko nyuma palikuwa na wazee wawili wakaidi, jambo ambalo kata nzima ilikuwa inalijua bila muhuri.

Niliusomea ukoo nakala ile jioni. Baba Mkubwa alivaa miwani, akaishika kichwa chini, akaigeuza, akasema hakimu alikuwa amehongwa asiandike hotuba. Shangazi akasema huenda kuna jalada jingine, lenye hotuba tu. Mabishano yakapanda mpaka Bibi, ambaye amevuka miaka tisini na kwa kawaida huachiwa kona yenye jua, akauliza tunagombania nini. Nikamweleza kwa sauti kubwa.

"Ile siku?" akasema. "Siku ile walikuwa hapa hapa wanakunywa mbege. Jirani alikuja asubuhi na jani la sale mkononi, wakasameheana. Wakaenda kupanda mpaka pamoja. Wakarudi wakamaliza mtungi."

"Bibi, miaka yote hii mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Mlikuwa mnasimulia vizuri."

Nikamuuliza kwa nini hawakwenda kumwambia hakimu kwamba wamepatana. Akasema walijadiliana, wakaona hakimu si mtu wa ukoo, ya nini kumsumbua. Kumbe sheria ina mlango wa watu kama hao: wagomvi wakipatana, huyapeleka mapatano yao mahakamani, yakaandikwa, yakatolewa hukumu yenye nguvu kama hukumu nyingine. Wangetembea mara moja zaidi, nasi tungekuwa na karatasi. Wao walitosheka na sale, kwa sababu kwa Mchaga aliyelelewa vyema sale halikataliwi. Walichosahau ni kwamba sale haliandiki tarehe, na kwamba warithi wao tungeyaona yale masale yakiwa yamestawi kwa mstari usionyooka na kila mmoja aseme ni mwenzake aliyeupinda.

Tulifika Baraza la Kata na Bibi akiwa amebebwa kwenye bajaji. Siku za Babu migogoro ya vihamba ilikuwa kazi ya Mahakama ya Mwanzo. Mfumo huu wa mabaraza ya ardhi ulikuja na sheria ya 2002, na tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, mnapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajumbe walimsikiliza Bibi. Jirani akakiri kwamba hata kwao wameambiwa tangu utotoni kuwa babu yao ndiye aliyeshinda, tena kwa hotuba. Nikampa nakala aisome. Alipofika ukurasa wa mwisho alicheka mpaka akaomba maji, akasema migomba mitatu yenyewe ina mnyauko.

Tukapatana. Safari hii sikuondoka mpaka mapatano yakaandikwa, yakasomwa, yakasainiwa, yakagongwa muhuri, na namba ya mgogoro nikainakili kwenye kadi ya kahawa, maana kadi hiyo imeonyesha kwamba haipotei. Nakala moja ikabaki kwenye jalada la baraza, moja kwetu na moja kwa jirani.

Baba Mkubwa aliomba kuiona ya kwetu. Akaisoma taratibu hadi sehemu yake, palipoandikwa kwamba mzee alisimama, akasema anakubali, akaketi. Akamwita katibu kando na kumweleza kwamba pamerukwa maneno mengi, kwamba yeye aliongea karibu saa mbili, na baadhi ya wajumbe walikuwa wakifuta macho.

"Mzee wangu," katibu akamjibu huku akifunga droo, "muhtasari ukishagongwa muhuri hauongezwi neno. Kama una hotuba iliyobaki, lete mgogoro mwingine."