Kijiko Kisichoshika Chai

Vyombo vya fedha vilivyofuliwa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19 vina kasoro moja inayowasumbua warithi wake, nayo ni kwamba hueleza kila kitu isipokuwa kazi yake. Mgongoni mwa kijiko hupigwa chapa ndogo ambazo mtu huzisoma kwa lenzi huku amefinya jicho: simba anayetembea, aliyeanza kutumiwa mwaka 1544 na ambaye leo huthibitisha kuwa sehemu 925 katika kila 1000 ni fedha halisi, herufi ya mwaka, herufi za jina la sonara, na alama ya mji, ambayo kwa Birmingham ni nanga, ingawa mji huo uko mbali na bahari. Mrithi humaliza kusoma akimjua sonara, mji na mwaka, lakini hajui kama alichokishika ni cha kulia, cha kuchokonolea au cha kumtibia farasi.

Chukua kijiko cha kuopolea majani ya chai, chenye bakuli dogo lililotobolewa matundu kwa nakshi, mpini mwembamba kama njiti na ncha iliyochongoka kama mwiba. Mtu wa leo akichota nacho, chai yote hurudi kikombeni, naye humlaumu sonara kwa ulevi, kumbe chombo kiliundwa makusudi kiache chai na kuchukua majani yanayoelea, na ile ncha, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ilizibua mdomo wa birika uliozibwa na majani. Vichujio vilipoenea, kijiko kilikosa ajira, na tangu hapo kimebebeshwa vibarua vya kila namna, kuanzia kuokota zeituni hadi kuchokonoa masikio.

Aibu kubwa zaidi huletwa na kihori cha uji, kinachoitwa hivyo hapa kwa sababu ya umbo lake: bakuli la kina kifupi, lisilo na mguu wala mkono, lililochongoka upande mmoja. Kwa kuwa hufanana na bakuli la mchuzi, hutiwa mchuzi na kutengwa mezani, ambako huyumba, hulala ubavu, na kumwaga nusu ya mchuzi kwenye kitambaa cheupe. Nusu iliyobaki huendelea kuliwa kwa furaha mpaka mgeni mmoja mjuzi aeleze kwamba ile ncha ilikuwa ikiingizwa vinywani mwa watoto wachanga na wagonjwa mahututi, walionyweshwa mkate uliolowekwa katika maziwa. Baada ya hapo hakuna anayeomba mchuzi.

Mwandishi wa insha hii hana ubavu wa kuwacheka, kwani aliwahi kukisugua kwa majivu kijaluba cha siki yenye manukato, akidhani rangi ya njano iliyomo ndani ni kutu, hali ni mchovyo wa dhahabu uliowekwa ili siki isiile fedha.

Watu wa pwani nao wana mrashi, chombo chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu iliyotobolewa kileleni, kinachowanyunyizia wageni marashi ya waridi harusini na maulidini. Asiyelelewa huko hukiona ni kichupa cha chumvi, na akikitikisa juu ya sinia, ukumbi mzima hula pilau inayonukia bibi harusi.