Sifa za Vitenzi Vyenye Mkia

Kila kiumbe kina wa kukisifu, isipokuwa vile vitenzi vya Kiingereza ambavyo walimu huviita phrasal verbs. Kitenzi chenyewe ni kifupi, mtoto wa darasa la pili anakijua: look, turn, put. Kisha nyuma yake kinabandikwa kimkia, up au off, na maana inahama nyumba bila kuaga.

Wanaovitukana hawajui ukoo wavyo. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alikiri kwamba hapa ndipo wageni wanapopata taabu kuliko popote. Waingereza wakasikia, na kwa ukarimu wao wakaviongeza.

Sifa ya kwanza ni usawa. Nenda Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 na ambayo leo ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Hukosi kumkuta mwalimu aliyesomeshwa Kifaransa tangu utoto kule Bukavu. Kiingereza cha mabwana hakimtishi: abandon, tolerate, continue, refuse, yote hayo Kifaransa kilishampa bure. Mwambie give up, put up with, carry on, turn down, utamwona anashika kidevu. Wakati huohuo kijana anayepanga bidhaa dukani Mchesi, mjini Lilongwe, ambaye shule aliiacha njiani, anavitema vyote kama maganda ya karanga, maana wateja wake hawaongei kikamusi. Ni chuo gani kingine kimempandisha kijana juu ya mwalimu bila kumdai ada?

Sifa ya pili ni ubanaji wa matumizi. Umeme ukikatika, taa ime-go off, yaani imezimika. Kesho yake maziwa yaliyolala kwenye friji yame-go off, yaani yamechacha. Alfajiri kengele ya simu ime-go off, yaani ndiyo kwanza imeanza kulia. Kuzimika, kuchacha na kulia, kwa bei ya kitenzi kimoja! Na kwenye dirisha la ofisi, karani wa kwanza akuambie fill in fomu, wa pili akuambie fill out. Ndani na nje ni mamoja, fomu ni ileile, foleni pia.

Sifa ya tatu ni mafunzo kwa vitendo. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka, Mchesi ilipata kozi ya bure: move out, close down, na Mei msako wa polisi ulipoanza, round up. Aliyekuwa akichanganya lock out na lock up alizitenganisha siku moja: kwanza duka lilifungwa yeye akiwa nje, kisha akafungwa yeye. Mtihani wa namna hiyo hausahauliki.

Wanaolalamika, wajitazame kwanza. Sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga chafya, na hakuna hata mmoja aliyepelekwa polisi kwa kosa la kupiga.

Kwa hiyo naziomba ofisi zote zinazowaandikia wakimbizi zisiache desturi hii njema. Ombi likikataliwa, ziendelee kuandika turned down. Mwalimu wetu ataipeleka barua chini ya taa, atalipima neno moja moja, atahitimisha kwamba faili limegeuzwa kifudifudi tu na kesho litainuliwa, kisha atalala fofofo. Siku mtakapomwandikia refused, ataelewa papo hapo, na mtakuwa mmemnyang'anya usiku mzima wa matumaini.