Sungura na Karani wa Mbali

Sungura wa Nairobi alibuni mchezo wa mbio ambao Kobe hafiki kamwe. Akauweka kwenye intaneti kwa euro 10. Mali isiyo na uzito, haipiti forodha wala haihitaji mchukuzi. Alicheka hadi masikio yakamlala.

Siku moja akaletewa barua na Bundi, karani wa vijiji 27 vya Ulaya.

"Mbweha wa Budapest kanunua mchezo wako. Kodi ya ongezeko la thamani kwao ni asilimia 27. Iko wapi?"

"Mzee Bundi, mimi nakaa Nairobi!"

"Tangu 2015 hatuulizi muuzaji anakaa wapi. Tunauliza mnunuzi."

Sungura akapiga hesabu. Bei alishaitangaza, hawezi kuiongeza. Kwa hiyo katika zile euro 10 za Mbweha zinatoka 2.13. Angenunua Bata wa Luxembourg, kwenye asilimia 17, zingetoka 1.45.

"Kwani wadogo hawaonewi huruma?"

"Wa huku wasiozidisha euro 10,000 za mauzo kwa vijiji vingine kwa mwaka hutoza kiwango cha kwao. Wewe wa mbali, tangu euro ya kwanza."

Tumpe Bundi haki yake: hakumzungusha milango yote 27. Alimruhusu ajiandikishe kijiji kimoja, alipie vyote hapo kila miezi mitatu. Ila kwa kila mnunuzi alitaka vithibitisho viwili vya makazi vinavyopatana, vitunzwe miaka 10. Ni sungura wangapi hufika miaka 10? Na Mbweha mwenyewe alikuwa na anwani ya Budapest, kadi ya benki ya Vienna, na kompyuta iliyoonekana Lisbon.

Robo mwaka iliyofuata hakuuza hata mchezo mmoja. Akajilalia. Barua ikamwamsha: "Hesabu zako hazijafika."

"Sijauza kitu!"

"Basi leta hesabu ya hicho usichouza."

Hapo ndipo Sungura alipomwendea Kunguru, mwenye soko kubwa, ambaye siku zote yeye Sungura alikuwa akimwita mnyang'anyi kwa kudai 30 katika kila 100. Kunguru hukata kodi mwenyewe, huipeleka mwenyewe, na makarani wote anawajua.

"Bado ni 30?"

"Ni 30, kodi ikishatoka."

"Na nisipouza kitu?"

"Hapo," Kunguru akasema akimsogezea mkataba, "hutanisikia kabisa."