Kompyuta Iliyojisahau

Umeme ukikatika Dar es Salaam, watu hutafuta tochi. Mhasibu wetu yeye alishika kichwa. Pembeni ya meza yake, chini ya kitambaa cha kufuma, ilikaa kompyuta ya Unix ya Sun Microsystems, aina ya SPARCstation, iliyotujia kama msaada na ambayo tangu enzi za Rais Mkapa hakuna aliyethubutu kuizima. Ndiyo iliyokuwa inapiga hesabu za mishahara na mikopo ya chama chetu cha akiba. UPS ikalia, ikanyamaza, na kompyuta nayo ikanyamaza.

Umeme uliporudi iliwaka bila tabu, ila haikujijua. Kompyuta hizi zina chipu inayotunza saa pamoja na namba za utambulisho wa mashine, na betri ya chipu hiyo imefungiwa humohumo ndani ya plastiki. Betri yetu ilishakufa kitambo. Mashine ilikuwa inaishi kwa umeme wa ukutani tu, na hakuna aliyejua. Sasa ilipoulizwa anwani yake ya mtandao ilijibu kwa herufi f tupu, kumi na mbili. Kwa bahati mbaya leseni ya COBOL, lugha iliyoandikiwa programu yetu ya mishahara, ilikuwa imefungwa kwenye utambulisho huo uliopotea. Programu ipo, data ipo, lakini leseni inasema haimjui mwenye nyumba.

Tulimwita fundi wa Kariakoo. Alikata plastiki ya chipu kwa uangalifu wa daktari wa meno, akalehemu betri mpya ya saa pale juu, na saa ikaanza kwenda. Utambulisho haukurudi, kwani betri hutunza kumbukumbu, haiwezi kuibuni. "Bosi, mimi nimerudisha uhai," alisema akikusanya vifaa vyake. "Jina mpe mwenyewe." Alisema kweli: namba hizo huweza kuandikwa upya kwa mkono, ila lazima uzijue, na kibandiko kilichokuwa juu ya chipu kilishabanduka zamani. Kampuni iliyouza leseni nayo ilishanunuliwa na nyingine. Waliotujibu waliomba risiti ya manunuzi. Ya kitu cha msaada!

"Si utafute COBOL nyingine tu?" akasema meneja, kwa sauti ya mtu anayeagiza maandazi.

Muuza programu wa mtaani hajawahi kusema hakuna. "COBOL? Ipo, kaka, keti." Akatokomea, akarudi na CD ya Windows. "Humu kuna kila kitu." Nikamweleza kwamba nataka ya Solaris, mfumo endeshi wa mashine yetu, kwa prosesa ya SPARC. Akaniangalia kwa huruma, akapunguza bei.

Tusiilaumu lugha. COBOL ilianza kubuniwa Marekani mwaka 1959, ikichota sana kutoka FLOW-MATIC ya Grace Hopper, kwa lengo kwamba hata meneja aweze kuisoma. Ndiyo maana ina maneno mengi. Programu huanza na sehemu ya utambulisho, ikafuata ya mazingira, kisha ya data, na kazi yenyewe hutajwa sehemu ya nne, kama mshenga anayeulizia mvua na mazao kabla ya kumtaja binti. Lakini ukishaizoea, inapiga hesabu za fedha bila kupoteza senti, na hilo ndilo chama cha akiba kinalotaka.

Aliyetuandikia programu ile ni mzee mmoja aliyestaafu, sasa anafuga kuku Kibaha. Kazi aliijulia kwenye kompyuta za serikali kabla ya mwaka 1974, mwaka ambao Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nikampigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imezimika, sio?"

Sikuwa nimesema neno lingine.

"Kanda ya kompaila ninayo," akaendelea, huku jogoo akiwika nyuma yake, "lakini leseni ni ileile. Tafuteni ya bure."

Kompaila ya bure, yaani programu ya kuitafsiri COBOL ili mashine iielewe, ipo. Aliianzisha Mjapani, Keisuke Nishida, kwa jina la OpenCOBOL. Siku hizi inaitwa GnuCOBOL. Inaigeuza COBOL kuwa lugha ya C, kisha kompaila ya C inamalizia. Kwa hiyo unahitaji kompaila ya C, na hapo Solaris ina kichekesho chake: amri ya cc imo, ukiiita inaitika, kisha inakuarifu kwamba kompaila haijasakinishwa. Mtu mzima alikaa akaandika programu ya kukuambia kwamba hakuna programu! Tukatumia kompaila ya gcc iliyoandaliwa na watu wa kujitolea. Mashine ikasaga. Nilikwenda kula, nikarudi, nikaswali, bado inasaga. Hatimaye ikakubali.

Tukafanya mishahara ya majaribio. Mhasibu akasoma karatasi, akasogeza miwani. Posho ya nyumba wamepata wenye mikopo tu. Mlinzi wetu, ambaye hajawahi kukopa hata kiberiti, hakupata kitu.

"Mfumo umeanza kutafuta wateja," akasema mhasibu.

Kisa chake kilikuwa nukta moja. COBOL ilizaliwa enzi za kadi za kutoboa zenye nafasi 80. Sita za mwanzo ni za namba za mistari, ya saba ni ya alama maalumu, na kuanzia ya 73 hadi mwisho kompaila haisomi. Mstari wetu mmoja, wa kumkata mwenye mkopo, ulikuwa mrefu, na nukta ya kumalizia ikaangukia nafasi ya 73. Kompaila ya zamani ilipangwa kukubali mistari mirefu. Hii mpya ikafuata sheria za kadi. Bila nukta, sharti la "kama ana mkopo" halikufungwa, likaumeza na mstari wa posho uliofuata. Tukaurudisha mstari nyuma nafasi mbili, na mlinzi akapata haki yake kabla hajajua kwamba alidhulumiwa.

Nilipomsimulia mzee alicheka mpaka kuku wakakimbia. "Mstari ule nilijua mrefu," akasema. "Nilidhani nitastaafu kwanza."

Wewe mwenye mashine ya namna hii ofisini, inayoogopwa kuzimwa, iulize leo namba yake, wakati bado inaikumbuka, uiandike kwenye daftari la kawaida la karatasi. Amri yenyewe ni neno moja: hostid.